Hodi ya Sitini na Moja

4 Februari

Kwako Komeo, mdogo wangu,

Salamu zitangulie, lawama zifuate, kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa. Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakunywa uji kwa kijiko kidogo, analala vyema akielekea ukutani na vibaya akielekea mlangoni, na ulimi wake haujarudi tangu kiharusi kilipouchukua, mwaka wa pili huu. Mkono wa kushoto pekee ndio unaomtii, nao hutii polepole, kama karani aliyebakiza wiki moja kustaafu. Namgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini anakusalimu. Anasema suruali uliyomwachia aipunguze kiuno miaka sita iliyopita bado anayo, ila sasa anahofu atalazimika kuiongeza.

Naandika kwa kalamu kwa sababu barua zote ninazotuma kwa kompyuta ya kampuni husomwa na walinzi wa mtandao, na mkuu wa walinzi hao ni wewe. Sipendi kuzungumza na ndugu yangu mbele ya mlinzi, hata kama mlinzi ni ndugu yangu. Nikikupigia simu nako unakuwa na haraka.

Sasa lawama. Kazi uliyonitafutia naishukuru. Nasikiliza sauti za madaktari, naziandika ziwe mafaili ya wagonjwa, nami niko hatua nne kutoka kitanda cha Mama. Niliacha darasa kwa ajili ya hatua hizo nne. Lakini kila ninapotaka kuingia kwenye mtandao wa kampuni, naandika nenosiri, kisha simu yangu inasema "Hodi" kwa sauti yako mwenyewe, nami natakiwa kubonyeza "Karibu". Ikisema mara tatu pasipo jibu, mlango unafungwa hadi kesho yake. Juzi mtandao ulikatika, mashine ikaanza kujiunga upya yenyewe, nami nilikuwa nimemshika Mama kwa mikono miwili, povu hadi viwikoni. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na siku ya kazi ikaenda na maji ya sabuni. Ni mara ya tano tangu mwaka uanze. Msimamizi ameniandikia kwamba ya sita itakuwa ya mwisho.

Nikiikosa kazi hii nitatafuta nyingine nje ya nyumba, na wewe unajua Mama atabaki na nani. Hatabaki na mtu.

Hiyo tatu uliiweka wewe. Iondoe. Mtu aliyemfungia shangazi yake bafuni akiwa na miaka minne, hadi ukoo mzima ukamwita Komeo, bila shaka kufungua nako anakujua.

Dada yako

20 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea salamu na nimepokea kipigo, vyote kwa heshima. Mwambie fundi cherehani kwamba kiuno changu ni siri ya ofisi. Likizo yangu imesogezwa tena, kwa mara ya tatu. Mkurugenzi anasema nikiondoka hakuna atakayelala usingizi. Mbusu Mama kipajini kwa niaba yangu.

Niruhusu nieleze kabla sijatii. Zamani wafanyakazi wetu wote walikaa ndani ya jengo moja, na ulinzi ulikuwa geti na kitambulisho. Leo watu mia nne wanafanyia kazi majumbani, na kila mmoja anafikia mafaili ya wagonjwa kwa njia iliyofunikwa ambayo sisi tunaiita handaki. Maneno yanayopita humo hayasomeki kwa aliye nje. Kwa hiyo mwizi hahangaiki na kuta za handaki, anahangaika na mlango wake. Nenosiri linaweza kuibwa, na ndiyo maana nikaongeza hodi. Anayejua nenosiri lako bado atasimama nje hadi simu iliyo mkononi mwako imkaribishe. Wenzangu walitaka maneno ya kigeni kwenye simu za watu. Mimi nikasema hapana, watu wetu wanajua mlango ni nini. Watu walilalamika kwamba mlio wa kawaida hawausikii, basi nikajifungia chumba cha mitambo nikatamka neno hilo mara moja, na sasa kila asubuhi nabisha kwenye nyumba mia nne ambazo sijawahi kuziona.

Tatu haikuwa ukaidi. Mgeni mwema hubisha mara tatu akaenda zake; mwenye subira ni mwizi.

Hata hivyo nimeiondoa. Mtambo hauwezi kumwondolea mtu mmoja, hivyo nimewaondolea wote. Badiliko kama hilo huhitaji saini ya mkurugenzi, nami sikuiomba, kwa sababu ningepaswa kueleza ni kwa ajili ya nani. Libaki kati yetu. Ukisikia hodi nawe hujaandika nenosiri, bonyeza "Simfahamu". Isipokuwa nyakati za alasiri huwa najaribu mitambo, na huenda nikabisha mimi mwenyewe. Huyo mkaribishe.

Mdogo wako, Komeo

18 Machi

Kwako Komeo,

Tunakushukuru, sisi wawili. Tangu uondoe ile tatu sijapoteza hata siku moja, na msimamizi ameniandikia sentensi ya kunisifu yenye makosa mawili ya sarufi. Nimemsamehe, japo mwalimu wa zamani ndani yangu alikwisha kushika kalamu nyekundu.

Nina habari nyingine, nayo ni njema kuliko ya kazi. Mama anakusikia. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Simu ikisema "Hodi", uso wake unageukia mlango, na ule upande wa mdomo unaomtii unapanda kidogo. Daktari alisema tumhimize autumie mkono wa kushoto, nami kwa miezi nimemhimiza kwa vijiko, kwa kitana, kwa mpira wa sponji, bila mafanikio. Sasa naiweka simu juu ya godoro, mbali kidogo na vidole vyake. Sauti yako inaita, na mkono unaondoka. Unatambaa juu ya shuka upana wa kiganja, unachoka, unalala hapo hapo. Mimi namalizia kwa kubonyeza, naye ananitazama kama niliyemnyang'anya.

Najua kwamba kanuni zako zinasema simu isitoke mkononi mwangu. Kanuni zako hazijawahi kulishwa uji.

Umesema likizo imesogezwa. Imesogezwa hadi lini?

Dada yako

30 Aprili

Dada yangu,

Natumaini mgongo wa Mama haujachubuka na kwamba mvua hazijaingia tena dirisha la jikoni. Mimi sijambo. Hapana, dada, si kweli, mimi sijiwezi, na kwa mara ya kwanza naona ni afadhali barua hizi zichukue wiki mbili njiani.

Jumanne tarehe 22, saa tisa alasiri, mtu tusiyemjua aliandika nenosiri lako. Lilikuwa limeibwa siku nyingi, kupitia barua ya uongo iliyowafikia wafanyakazi kadhaa. Hilo silo kosa lako. Alipofika mlangoni akabisha. Hakukaribishwa, akabisha tena. Nimeisoma kumbukumbu ya mitambo mstari kwa mstari, mara nyingi kiasi kwamba naweza kuikariri. Alibisha mara sitini na moja ndani ya dakika arobaini. Sitini hazikujibiwa. Ya sitini na moja ilijibiwa "Karibu".

Aliondoka na mafaili elfu tisa ya wagonjwa, kisha akayaanika mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Kuna mpishi wa shule ambaye mtu alichapisha karatasi ya ugonjwa wake akaibandika kwenye geti la shule anayopikia. Haendi tena kazini. Hupiga simu hapa kila siku saa mbili asubuhi, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuipokea, naipokea mimi. Hatukani wala halii. Anauliza swali moja tu: ni nani aliyefungua.

Mkurugenzi ameunda kamati, na taarifa nimeagizwa niiandike mimi. Jana aliniita akaniuliza, watu wote wakiwepo: "Huyo dada yako alibonyeza kwa kusudi, au alibonyeza ili simu inyamaze?" Nikajibu kwamba nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Sitini ulizikataa kwa kunyamaza. Ile moja ilikuwa na nini? Nijibu kwa ukweli, nami nitauandika kama ulivyo.

Komeo

14 Mei

Kwako mdogo wangu,

Mama anakusalimu kwa njia yake. Dirisha la jikoni linavuja kama kawaida.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Nasikitika kwa ajili ya mpishi huyo kuliko ninavyoweza kuandika, na kama ungeruhusiwa kumpa anwani yangu, ningependa aniandikie, aseme lolote analotaka kusema.

Kuhusu swali lako, andika hivi: simu ilikuwa yake, idhini ilitoka kwenye simu hiyo, na siku hiyo hakumwarifu mtu. Kila neno hapo ni la kweli. Zaidi ya hapo sina, na usinibembeleze.

Nami nina swali, moja tu kama la mpishi. Katika taarifa yako, umeandika kwamba zamani mlango ulifungwa baada ya hodi ya tatu?

Dada yako

3 Juni

Dada,

Salamu kwenu nyote. Natumaini Mama anaendelea vyema.

Barua ya kusimamishwa kazi itakuwa imekufikia. Kamati ilikaa siku mbili. Imeridhika kwamba uliruhusu mtu usiyemjua kuingia, kwamba hukutoa taarifa, na kwamba hukutoa maelezo ulipoombwa. Hawatakushtaki. Nililipigania hilo, na ningependa ulijue.

Kuhusu swali lako, mwanasheria wa kampuni amenielekeza nisijadili mipangilio ya kiufundi na mtu aliyehusika katika tukio. Ameelekeza pia kwamba, hadi faili lifungwe rasmi, nisipokee simu zako. Simu yangu ni ya kampuni, hivyo namba yako nimeizuia leo, mbele yake. Nielewe. Niliyempendekeza kazini ni dada yangu, na macho yote yananitazama mimi.

Nimeachwa kwenye nafasi yangu. Mlango sasa unafungwa baada ya hodi ya tatu.

Mama anakula?

Komeo

3 Julai

Kwako Komeo,

Sina habari za kupamba, kwa hiyo nazileta kama zilivyo. Nimepata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Naondoka saa moja kasoro asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Fundi cherehani hupanda ngazi mara mbili kumtazama Mama, ila ana miguu mibovu na hawezi kumgeuza peke yake. Mgongo umechubuka. Kidonda kilianza kama sarafu, sasa kinatosha kiganja. Uji anaukataa. Umeuliza kama anakula. Jibu ni hapana.

Nilikuwa nimeapa kwamba jambo hili nitazikwa nalo. Nalisema si kwa ajili ya kamati yenu. Nalisema kwa kuwa nimechoka kulibeba peke yangu huku wewe ukiwa umeachwa kwenye nafasi yako.

Ile Jumanne nilipanda juu ya paa kuanika mashuka yake. Palikuwa na mashuka sita, jua lilikuwa zuri, na mke wa mwenye nyumba alinishika kwa maongezi. Simu ilikuwa kwenye godoro, pale pale nilipozoea kuiweka. Niliporudi nilimkuta Mama ameloa jasho kana kwamba amepanda mlima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevuka kitanda kizima, na kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu. Alikuwa anautazama mlango, Komeo. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka.

Sitini ulizonihesabia hazikukataliwa. Alikuwa njiani. Alitambaa dakika arobaini kuja kukufungulia, kwa sababu ulibisha na hukuondoka.

Nikaona neno "Karibu" limebonyezwa. Nikakumbuka uliyoniandikia, kwamba alasiri huwa unabisha mwenyewe, nikasema moyoni: ni yeye, anajaribu mitambo yake. Nikambusu mkono ule, nikausifu, nikamwambia Mama kwamba umeingia. Ndiyo maana sikumwarifu mtu.

Mkigawana lawama, yangu ni kuiacha simu kitandani. Yako unaijua. Ya Mama msiiandike popote. Yeye hakufanya kosa lolote.

Kampuni imeifunga ile sauti kwenye simu yangu. Bado anageuka kuutazama mlango, wakati wa alasiri hasa.

Dada yako

20 Julai

Mdogo wangu,

Mama amefariki Ijumaa tarehe 18, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Saa kamili haijulikani kwa kuwa hakuna aliyekuwa naye. Fundi cherehani alipanda mara ya kwanza akamkuta hai, akapanda mara ya pili akamkuta ametulia. Mimi nilikuwa kazini, nakunja mashuka ya watu. Fundi alikuja mwenyewe kuniita, kwa miguu ile mibovu.

Nimekupigia simu mara kumi na mbili kwa namba yangu. Fundi alijaribu kwa yake, ukawa hupokei kabisa. Nilipiga namba ya ofisi, kijana wa mapokezi akaniuliza jina, nikalitaja, akasema ameagizwa asiniunganishe. Nikamwambia ni msiba. Akasema pole, na akakata.

Tumemzika jana. Tulikuwa watu kumi na wanne. Nilimfungua vidole vya mkono wa kushoto nikavinyoosha.

Sikuandikii kukulaumu. Nimetafuta lawama nikaona sina nguvu ya kuinyanyua. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nyumba hii naikabidhi mwisho wa Agosti, maana chumba kimoja kinanitosha.

Dada yako

21 Julai

Dada yangu,

Barua yako ya tarehe 3 ilinifikia Alhamisi. Niliisomea kwenye ngazi za jengo, kisha nikaketi hapo hapo, watu wakawa wananiruka.

Swali lako la mwezi Mei sasa nalijibu. Hapana, sikuandika. Katika taarifa ya kurasa ishirini na mbili nilieleza nenosiri, handaki, mwizi na simu yako, nikairuka ile tatu, nikakuacha usimame mahali pangu. Nilijiambia kwamba ni lazima mmoja wetu abaki na kazi. Hiyo hoja niliijenga vizuri sana, dada, ilikosa tu ukweli.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea mkurugenzi taarifa ya pili, ya ukurasa mmoja. Akaisoma, akasema faili linafungwa wiki ijayo, akaniuliza kama naelewa ninachokifanya. Nikamwambia: "Aliyebonyeza ni mama yangu, na aliyempa muda wa kufika ni mimi."

Kisha akaniomba kitambulisho na simu, nikaviweka mezani. Nilimwomba akurudishe kazini. Amekataa, na hatabadilika. Sitakupa tumaini nisilokuwa nalo. Kabla ya kutoka niliomba kutumia simu ya mapokezi, nikampigia yule mpishi nikamtajia jina langu kamili. Akasema, "Basi sitapiga tena." Sikujua kama hilo ni msamaha. Nadhani si msamaha.

Nimebaki bila simu. Nilitaka kukupigia kwa ya jirani, ndipo nikagundua kwamba namba yako ilikuwa ndani ya ile simu ya kampuni tu. Sikuwahi kuijua kwa kichwa, mimi ninayekumbuka mistari ya mitambo. Kwa hiyo naandika, na barua itachukua muda wake.

Nakuja. Wamenitaka nikabidhi funguo za mitambo kwa wiki tatu, kisha niko huru; nitafika tarehe 14 Agosti kwa basi la asubuhi. Sirudi tena huku. Nimemuuliza muuguzi mmoja hapa jinsi ya kumgeuza mgonjwa peke yako bila kumuumiza, akanionyesha kwa kunitumia mimi mwenyewe kama mgonjwa, na nimefanya mazoezi kwa mto mrefu. Nimemnunulia Mama godoro la hewa. Wanasema kidonda kikubwa kama kiganja hupona juu yake kwa miezi miwili, akigeuzwa vyema. Wewe utaenda kazini, mimi nitakuwa naye mchana. Nitalala chini kando ya kitanda chake, usinihangaikie.

Nina neno moja tu la kumwambia, na nataka kumwambia mwenyewe, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kwa hiyo usimtajie tarehe. Akiijua ataanza kuutazama mlango tangu leo, na sitaki achoke.

Mdogo wako, Komeo